UZI: Kondoo wa Dodoma, dume aachiwe lini ili watoto wasiishe mvua za kwanza?

#1 Zizi la Hombolo
Wakuu, salaam. Naweka hoja mezani, mnipinge kwa hesabu.

Wengi hapa Dodoma tunaacha dume atembee na majike mwaka mzima. Baada ya mavuno, Juni na Julai, majike wananenepa kwa masazo ya mtama na uwele pamoja na maganda ya mgunga yanayodondoka, wanapandwa kwa wingi, na mimba ya kondoo ni siku 147 hadi 150. Kwa hiyo uzazi mkubwa unaangukia Novemba na Desemba. Sasa angalia: karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto tumboni huongezeka wiki 6 za mwisho, na wiki hizo ni Oktoba na Novemba, wakati malisho ni vumbi na lambo ni tope. Mtoto anazaliwa na kilo moja na nusu badala ya mbili na nusu, kiwele cha mama ni ngozi tupu, halafu mvua ya kwanza inawakuta wote wawili nje.

Hoja yangu: dume atengwe tangu mavuno, aachiwe tarehe 20 Agosti kwa siku 35 tu. Wa kwanza atazaa kama 15 Januari, nyasi zimeshasimama. Nani anabisha?

#2 Mchunga wa Bahi
Nabisha. Hesabu ya siku iko sawa, hesabu ya tumbo haiko sawa.

Tarehe 20 Agosti masazo yamekwisha, wenye ng'ombe wameshapita na kufagia. Jike aliyekonda hashiki mimba. Joto la kondoo linarudi kila siku 17 na linadumu saa 24 hadi 36, hivyo siku 35 ni mizunguko miwili tu. Akikosa ya kwanza na ya pili, umefuga jike mwaka mzima analamba chumvi yako bure. Yule wa Juni anashika kwa sababu ana akiba mkiani.

Halafu mvua yetu ni ya msimu mmoja, na kukatika katikati, Januari au Februari, si jambo geni. Mtama unanyauka, nyasi zinasimama, na jike wako mwenye mtoto wa wiki mbili anakauka maziwa palepale. Mtoto wa mwanzo wa Desemba akifika wiki 6 ameanza kucheua, nyasi ziko laini, anazitumia mwenyewe. Wa kwako akifika umri huo ni Machi, ukimwachisha ni Mei, nyasi zimeshakuwa nyuzi.

#3 Mama Chumvi
Nimeweka kigoda, endeleeni.

#4 Bwana Hori
Msibishane tarehe kabla hamjashika mgongo.

Weka kiganja nyuma ya ubavu wa mwisho, juu ya kiuno. Ncha za mifupa ya pembeni zikiwa kali kama meno ya kitana na vidole vinapenya chini yake, huyo ni daraja la 1 hadi 2 kati ya 5. Zikiwa butu na lazima ubonyeze ndipo uzisikie, huyo ni 3, ndiye wa kupandisha. Kwa hawa wetu wenye mkia wa mafuta shika na shina la mkia: mgongo unaweza kuwa mkavu na mkia bado mzito, maana yake akiba haijaisha. Mgongo mkavu na mkia uliosinyaa, usimpe dume.

Kumtoa kwenye 2 kwenda 3 inawezekana hata Agosti. Wiki 3 kabla ya dume na wiki 3 baada yake, mpe gramu 300 kwa siku za mchanganyiko wa pumba za mahindi sehemu 2 na mashudu ya alizeti sehemu 1. Majike 30 kwa siku 42 ni kilo 378, yaani pumba kama kilo 250 na mashudu kama kilo 126. Anza na gramu 100, ongeza kidogo kidogo ndani ya wiki nzima, la sivyo tumbo linachachuka na anaharisha. Urefu wa hori uwe sentimita 30 kwa kila kichwa. Ukiweka hori fupi, wakubwa watatu watakula cha wote na utasema mashudu hayafanyi kazi.

Akiwa na 3 atashika Agosti. Akiwa na 1 hata Juni hashiki. Mchunga wa Bahi na mleta uzi mnagombania kalenda, na tatizo liko mgongoni.

#5 Mwanambuzi
Jibu ni jepesi: fugeni mbuzi. Mbuzi anapanda mti anakula. Kondoo anaangalia ardhi inavyokauka anasubiri kufa. Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana, lakini mfugaji hali uungwana.

#6 Zizi la Hombolo
@Mwanambuzi tutakuona mbuzi wako wakikohoa homa ya mapafu ile ambayo kondoo haimgusi. Rudi kwenye hoja.

@Bwana Hori nakubali mgongo. Ila kilo 378 ukinunua Agosti ni bei nyingine, ukinunua Mei mashine za alizeti zikiwa moto ni bei nyingine.

#7 Tabibu wa Kata
Hoja yote imejengwa juu ya njaa. Vifo vya Desemba na Januari ni minyoo. Yule mnyoo wa damu anayekaa kwenye tumbo la nne, jike lake linataga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku. Kiangazi analala ndani ya kondoo bila kukua, mvua zikikaribia anaamka. Kwenye joto na unyevu yai linakuwa funza wa kuambukiza ndani ya wiki moja. Ukifungua kope utaona nyeupe, chini ya taya kuna uvimbe laini wa maji, hasa jioni akitoka malishoni. Mtoto anakufa hana damu. Nywesheni dawa, mtaona.

#8 Kope Nyekundu
@Tabibu nusu sahihi. Mtoto wa siku 5 hawezi kufa kwa mnyoo huyo. Hajala nyasi, na tangu funza amezwe mpaka awe mkubwa wa kutaga ni wiki 3 hivi. Anayeliwa damu ni mama. Kinga ya jike hushuka kuanzia wiki chache kabla ya kuzaa mpaka anaponyonyesha, mayai yanamwagika kwa wingi, damu inapungua, maziwa yanapungua, mtoto anakufa njaa na wewe unasema "alizaliwa dhaifu". Mtoto mwenyewe zamu yake inakuja akiwa na wiki 6 na kuendelea, akiwa ameanza kula pamoja na mama. Kwa hiyo vifo vya wiki ya kwanza na vifo vya mwezi wa tatu wa umri tuvitenganishe. Mnavichanganya kwenye debe moja.

Na msinyweshe kundi zima kila mwezi, mtazalisha minyoo sugu. Kuna kadi ya rangi za kope iliyobuniwa Afrika Kusini, daraja 1 (nyekundu) hadi 5 (nyeupe). Wa 4 na 5 wape dawa, wa 3 wape kama ni mjamzito, ananyonyesha au ni mtoto. Kundi zima lipewe mara moja kabla ya mvua, na mara nyingine mvua zikishakatika.

Kipimo: albendazoli ya asilimia 2.5, mililita 3 kwa kila kilo 10. Kondoo wa kilo 30 ni mililita 9. Ile ya asilimia 10 ni mililita 2.25 tu, soma chupa. Mpime mkubwa wa kundi kwa mizani na utoe dozi kwa uzito huo. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoleta dozi pungufu. Dawa iende nyuma ya ulimi, kichwa kiwe sambamba na mgongo, usikiinue juu, itaingia mapafuni. Na albendazoli usimpe jike wakati wa kupandwa na mwezi wa kwanza wa mimba, inaharibu kitoto. Wakati huo tumia levamisoli au ivamektini.

#9 Tabibu wa Kata
Nakubali sahihisho la mtoto wa siku 5. La mama nalishikilia.

#10 Dopa Nusu
Minyoo inategemea na damu ya kondoo. Wekundu wa Kimasai wanastahimili mnyoo huyo kuliko karibu aina zote tulizo nazo. Tatizo lilianza watu walipokimbilia Dopa kutoka Australia wapate mwili. Chotara anakua haraka lakini mvua ikinyesha ndiye wa kwanza kuvimba taya.

#11 Kope Nyekundu
Dopa si wa Australia. Alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930, Dorset Horn kwa Blackhead Persian, yule kichwa cheusi. Ila hilo la chotara ni kweli.

#12 Jioni ya Mvumi
Mmeongea damu na mashudu, hakuna aliyegusa baridi.

Mvua ya kwanza Dodoma haiji peke yake, inakuja na upepo. Kondoo wetu ni wa nywele, si wa sufi, na mtoto akitoka ni mbichi. Kipimajoto cha kupitishia mkunduni si ghali, kiwe zizini. Mtoto mzima ni nyuzi 39 hadi 40. Akiwa kati ya 37 na 39: mkaushe kwa gunia, mpe dang'a (maziwa ya kwanza ya mama aliyezaa), mrudishe kwa mama mahali pasipo upepo. Akiwa chini ya 37 angalia umri. Ana chini ya saa 5 tangu azaliwe, mkaushe, mpashe joto, kisha dang'a. Amepita saa 5, USIMPASHE KWANZA. Mafuta aliyozaliwa nayo yameshaungua, ukimweka jikoni mwili unaamka unadai sukari ambayo haipo, anapata degedege anakufa mikononi mwako, nawe unashangaa alikuwa ameanza kuchangamka. Akiinua kichwa na kumeza, mpe dang'a kwa mrija wa tumboni ndipo umpashe. Hawezi kuinua kichwa, hapo ni glukosi ya sindano tumboni, kazi ya mtaalamu.

Dang'a: mililita 50 kwa kila kilo ya mtoto ndani ya saa 2 za kwanza, jumla mililita 200 kwa kilo ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 2.5 ni 125 mara ya kwanza, 500 kwa siku, kwa mafungu manne. Mama hana, kamua jike mwingine aliyezaa leo, au mbuzi aliyezaa leo. Maziwa ya dukani si dang'a.

Kitovu chovya kwenye iodini ya asilimia 7, kizame chote. Kupaka kwa pamba hakutoshi.

#13 Mama Chumvi
#12 niongezee banda. Upepo wa hapa kwa sehemu kubwa unatoka mashariki, kwa hiyo ziba upande huo kuanzia chini, acha uwazi juu. Nafasi ya mita mraba 1.5 kwa jike na mtoto wake. Ndani weka vyumba vidogo vya mita 1.2 kwa 1.2, jike akae na mtoto siku moja, wa pacha siku mbili, wajuane harufu. Anayemkataa mtoto wa pili mara nyingi ni yule aliyezalia katikati ya kundi, akasogezwa, akasahau mmoja. Tembe la Kigogo lilikuwa na chumba cha ndama na watoto wa mbuzi na kondoo ndani kwa ndani, wazee hawakuwa wajinga. Sisi tumejenga nyumba ya bati, kondoo tumewaachia miiba.

Na zizi la samadi ya miaka mitatu likilowa linaozesha kwato. Samadi itolewe Oktoba ikiwa kavu, watu wa zabibu wanaichukua wenyewe.

#14 Kijana wa Nala
Wakuu samahani kwa swali la kizamani. Nimeona video za Uingereza, wao kondoo wanakaa ndani kipindi cha baridi wanalishwa hei (nyasi zilizokaushwa), wanazaa Machi na Aprili. Kwa nini tusifuate kalenda yao tu? Wenzetu wamefanya utafiti.

#15 Mchunga wa Bahi
Machi na Aprili mvua zetu zinaaga, kijana. Utazaa pamoja na nyasi zinazokufa.

#16 Bwana Hori
@Kijana wa Nala swali si baya. Kule kondoo anaongozwa na mwanga. Siku zikifupika, majike wanaanza joto, dume anaachiwa Oktoba au Novemba, baridi yote wanakula hei na nafaka kidogo mwishoni, wanazaa majani yanapochipua. London tofauti ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka inazidi saa 8. Dodoma tofauti hiyo haifiki hata saa moja, kwa hiyo kondoo wetu hana saa ya mwanga, anaingia joto mwezi wowote tumbo likiruhusu.

Cha kuiga si tarehe, ni kanuni: wiki za mwisho za mimba ziwe na chakula ghalani, na maziwa yakutane na majani. Baridi yao ni Oktoba yetu. Msidanganywe na kipupwe cha Juni na Julai kwa sababu usiku unashuka nyuzi 13 au 14 na mnavaa makoti. Huo ndio wakati kondoo ameshiba.

#17 Kijana wa Nala
Nimeelewa, shukrani.

#18 Nuru ya Macho
Kuna jambo mmelipita. Kuanzia Juni mpaka Novemba kondoo haoni jani bichi. Vitamini A inatokana na majani ya kijani, ini linatunza akiba ya miezi kadhaa, kisha linaishiwa. Jike mjamzito wa Oktoba anatoa mtoto dhaifu, wengine vipofu, na kondo la nyuma linabaki. Ishara rahisi: jioni giza likianza, wanagonga nguzo za lango. Majani ya mgunga na mlonge yaliyokaushwa KIVULINI yakabaki kijani yanasaidia. Ukiyaanika juani yakawa ya kahawia umebaki na nyuzinyuzi. Au sindano ya A, D na E mwezi mmoja kabla ya kuzaa, kwa kipimo cha chupa.

Kwa hiyo vifo vya wiki ya kwanza mimi naviweka hapa, kabla ya baridi ya #12.

#19 Jioni ya Mvumi
Mtoto dhaifu wa vitamini na mtoto aliyepigwa na upepo wanafanana kwa macho. Ndiyo maana nikasema kipimajoto.

#20 Mpita Mnadani
Mimi vifo ninavyoviona ni vya watoto wanono. Anacheza jioni, asubuhi amelala amekufa, tumbo limejaa. Wa mwisho kufa ni wale wakondefu. Hiyo ni njaa gani? Baridi gani?

#21 Kope Nyekundu
Wanono, kifo cha ghafla, nyasi zikiwa changa au mama ana maziwa mengi: hiyo inaelekea sumu ya tumbo, bakteria wale wa jamii ya klostridia. Wapo utumboni siku zote, chakula kitamu kikiingia kwa wingi wanazaliana na kumwaga sumu. Chanjo jike mara 2, wiki 4 hadi 6 kati yake, na ya kukumbushia kama wiki 4 kabla ya kuzaa ili kinga ipite kwenye dang'a. Mtoto aliyekosa dang'a hafaidi chanjo ya mama.

Ila wanono hao kama wana kupe wa madoadoa, fikiria na moyo maji: homa kali, anatembea akiinua miguu juu kama farasi wa gwaride, anatafuna hewa, anaanguka akipiga mateke. Ukipasua, kifua na mfuko wa moyo vina maji. Oksitetrasaiklini inafanya kazi siku ya kwanza ya homa, akishaanza kupiga mateke umechelewa.

#22 Tabibu wa Kata
Na wanaotupa mimba kwa mkupuo, mvua zikiwa kubwa na mbu wengi, msianze kuwashika kwa mikono mitupu. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006/2007 Dodoma iliipata vibaya, mifugo na watu. Kundi likitupa mimba kwa wakati mmoja na watoto wa chini ya wiki moja wakaisha karibu wote: mlango wa zizi ufungwe, hakuna kuchinja, hakuna kukamua, hakuna kuvuta mtoto bila glavu, afisa mifugo aitwe. Ile chanjo ya zamani ya virusi hai vilivyodhoofishwa haipewi jike mjamzito, inaweza kumtupisha mimba. Sotoka ya mbuzi na kondoo nayo, iliyothibitishwa nchini 2008, chanjo yake ni mililita 1 chini ya ngozi na inakaa miaka 3. Brusela pia inatupisha. Kwa macho hutofautishi.

#23 Zizi la Hombolo
Uzi umekuwa hospitali. Turudi kwenye chakula, maana hata mwenye chanjo zote anakula.

Jike wa kilo 35 anahitaji chakula kikavu kama asilimia 3.5 ya uzito wake, kilo 1.2. Majike 30, siku 90 za Septemba hadi Novemba, ni kilo 3,240. Robota la kufunga kwa sanduku la mbao la sentimita 85 kwa 55 kwa 45 linatoka na kilo 15 hadi 20 kutegemea unavyokanyaga. Kwa 15 ni marobota 216. Wakitoka kuchunga na kupata hata theluthi huko nje, unabaki na 144. Maji lita 4 hadi 5 kwa kichwa wakila vikavu, wanaonyonyesha zaidi. Kilo za hei bila maji haziliwi. Jike akinywa mara moja kwa siku mbili, anapunguza kula mwenyewe.

#24 Mpita Mnadani
Hei ikatwe Juni ikiwa imekauka yenyewe, unaokoa kazi ya kuanika.

#25 Bwana Hori
Utaokoa kazi na utakuwa na mikeka. Ile nyasi ya Cenchrus iliyozoeleka Kongwa, na Rhodes pia, zikatwe wakati zinaanza kutoa maua, Machi mwishoni hadi Aprili. Baada ya mbegu, protini imeshuka na shina ni kuni. Shida ni kwamba wakati huo mvua hazijaisha, kwa hiyo kata asubuhi umande ukikauka, kiasi utakachoweza kugeuza, siku 2 hadi 3 juani, geuza mara mbili kwa siku. Pinda shina: likivunjika bila kutoa unyevu, funga. Likipinda bila kuvunjika, ukifunga litapata joto na ukungu, na ukungu kwa mjamzito ni mimba kutoka.

Mwenye mabua ya mtama tu: katakata kilo 100, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 50 hadi 60 za maji mpaka kusiwe na punje hata moja, nyunyiza tabaka kwa tabaka, kanyaga, funika kwa turubai usiache tundu, siku 21. Ukifungua acha siku 1 au 2 harufu ipungue. Punje ya urea isiyoyeyuka inaua ndani ya saa moja. Na wasinywe maji ya pipa lililochanganyiwa.

#26 Mama Chumvi
Kwenye mabua hapo, wasiruhusiwe machipukizi. Mtama ukivunwa shina linachipua tena kwa umande au mvua ya mapema, kijani kibichi, chini ya sentimita 60, limejaa sumu ya sianidi. Kondoo mwenye njaa akiingia asubuhi tumbo tupu: anahema kama mbwa, utando wa mdomo mwekundu wa kung'aa, dakika chache ameanguka. Machipukizi yakikatwa na kukaushwa vizuri sumu hiyo inapungua. Ng'oa visiki, au wapitishe wakiwa wameshiba hei, au usipite kabisa.

#27 Dopa Nusu
Na chumvi iwe ya kondoo. Jiwe la madini la ng'ombe na mchanganyiko wa kuku vina shaba nyingi. Kondoo anaihifadhi kwenye ini kimya kimya miezi, siku akipata msukosuko, safari ya mnadani au njaa, inamwagika mara moja: macho manjano, mkojo mweusi kama kahawa. Samadi ya kuku kama chakula, vilevile.

#28 Mwanambuzi
Sasa mtu akumbuke shaba, urea, sianidi, kope, kitana na kipimajoto. Ndiyo maana nikasema mbuzi.

#29 Mchunga wa Bahi
@Mwanambuzi mtama ule ule unamuua na mbuzi wako.

Narudi kwa mleta uzi. Hei yako ya 216 unailisha Septemba hadi Novemba. Ukiachia dume Agosti, unalisha majike wenye mimba changa, wasiohitaji sana. Ukiachia Juni, kama ninavyosema mimi, hei ile ile inaliwa na wenye mimba ya miezi 4 na 5, pale inapolipa. Umejenga hoja ya hei kwa ajili yangu.

#30 Zizi la Hombolo
Hapo umenishika kidogo. Lakini wangu wa mimba changa anaweza kula mabua ya urea pekee, hei ikabaki ya Desemba kabla nyasi hazijaota. Wako wa Oktoba ukimpa mabua pekee akiwa na mapacha anaanguka: anajitenga, haoni vizuri, pumzi ina harufu ya tunda lililooza. Huyo anayeyusha mafuta yake kulisha watoto. Propilini glikoli mililita 60 mara mbili kwa siku ukiwahi, ukichelewa unampoteza na mapacha wake.

#31 Mkwaju wa Kigwe
Mbona hakuna anayetetea Mei? Dume aachiwe Desemba mwishoni, majike wamenona kwa majani mapya, wanashika haraka na mapacha wanaongezeka. Wanazaa mwisho wa Mei: hakuna tope, mbu wachache, minyoo imepungua juani, masazo yako mashambani, maganda ya mgunga yanafuata. Mtoto anaachishwa Septemba.

#32 Bwana Hori
Anaachishwa Septemba ale nini?

#33 Mkwaju wa Kigwe
Anauzwa, mkuu. Si lazima kila mtoto aione Oktoba.

#34 Kope Nyekundu
Akiuzwa akiwa na miezi minne, majike wa kurithi kundi utawatoa wapi? Lazima ubaki na robo ya majike hivi kila mwaka.

#35 Mkwaju wa Kigwe
Hao robo ndio wa kulishwa mashudu. Nafuu kulisha 7 au 8 kuliko 30.

#36 Jioni ya Mvumi
Tarehe yoyote mtakayochagua, jaribuni dume kwanza. Mbegu inachukua kama wiki 7 kutengenezwa, hivyo dume aliyeugua homa Julai ni mgumba wa Agosti hata kama anapanda vizuri. Shika korodani: zilingane, ziwe ngumu kama msuli uliokazwa, zisiwe na uvimbe. Dume mmoja kwa majike 25 hadi 30. Na kumtenga bila uzio inawezekana, Wamasai wanamfunga kipande cha ngozi tumboni mbele ya uume, anapanda bila kufika. Kikaguliwe kila jioni, mkojo unachubua.

Kisha mpake rangi kifuani: udongo mwekundu na mafuta ya kupikia, kila siku 2. Jike aliyepandwa atakuwa na alama mgongoni, andika tarehe. Siku ya 17 badilisha rangi. Wengi wakipata rangi ya pili, dume ni mbovu au migongo ni ya 1. Hapo ndipo #1 na #2 mtajua nani alishika Agosti.

#37 Dopa Nusu
Udongo mwekundu kwenye kondoo wekundu wa Kimasai utauona na nini?

#38 Jioni ya Mvumi
Chokaa basi. Mzunguko wa pili masizi.

#39 Kijana wa Nala
Na wale wa kichwa cheusi?

#40 Mama Chumvi
Kichwa ndicho cheusi, kijana. Wanapandwa mgongoni.